Mguu wa Pili wa Mama Riziki

Katwe, Jumatatu, baada ya chakula cha mchana

Byamungu mwanangu,

Watu wanaolala chini ya bati moja hawana haja ya kuandikiana salamu, kwa hiyo naziruka. Sanduku lako la bati nimelimaliza. Niko karakana, nimekalia pipa, na karatasi hii nimeilaza juu ya kifuniko chake ambacho bado kina joto la kulehemu. Wewe umekwenda Nateete kuwaaga rafiki zako, na mama yako anasema utarudi jua likishuka. Muda ninao. Nimeupoteza kidogo nikitafuta kalamu, kisha nikaupoteza tena nikinoa mkasi wa bati ambao haukuhitaji kunolewa.

Sitakuandikia habari za kula, kufua na kuamka mapema. Hayo mama yako ameyasema tangu Alhamisi na bado hajachoka. Mimi nina jambo moja tu, na ndani yake kuna kipande usichokijua, kilichotokea jana. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini ni miezi miwili sasa wewe na mimi hatuongei ila habari za misumari. Na unaijua aibu yangu. Mbele ya watu thelathini nahubiri mpaka watoto wanalala, mbele yako peke yako nakohoa.

Ukimaliza kusoma, mpe mama yako aitie kwenye mkaa wa sigiri. Usiende nayo popote.

Nianzie mbali, maana karibu kunaniogopesha. Watu wananiita Pasta. Wewe unajua kwamba hakuna aliyewahi kuniwekea mikono kichwani. Tulipofika Kampala kutoka Uvira, wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako, Wakongomani wenzetu walikuwa wanatafuta mahali pa kusali kwa lugha wanayoielewa, na mimi nilikuwa nimepanga nyumba ambayo chumba chake cha mbele kinaingia mabenchi sita. Sababu ni hiyo tu. Mwenye chumba ndiye akawa kiongozi. Kama yule jirani wa mkono wa kushoto angekuwa na chumba kikubwa zaidi, leo Pasta angekuwa yeye, na pengine ingekuwa heri.

Ile desturi ya kuoshana miguu tulikuja nayo kutoka nyumbani. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya Meza ya Bwana, kiongozi anajifunga taulo na kuchukua karai. Na sheria ya wazee wetu ilikuwa moja: aliyeingia mlangoni wa mwisho ndiye anayeoshwa wa kwanza. Wazee walisema aliyechelewa huenda ametoka mbali, au alikuwa na kazi nyingi, au alisimama nje akiogopa kuingia. Huyo ndiye Mfalme wetu angemwendea kwanza, maana ufalme wake aliutangaza akiwa amepiga magoti mbele ya miguu ya wavuvi.

Nilihubiri hivyo miaka mingi. Sasa nikuambie nilivyokuwa nikifanya.

Unakumbuka watu wetu walivyokuwa wakija siku ile ya mwezi. Hao hao ambao harusini hufika vyombo vikioshwa, Jumapili ya kuoshana miguu walikuwa wamejaa kabla sijafungua dirisha, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho na kuanikwa visigino vyake mbele ya watu. Wanawake walikuwa wakisugua miguu kwa jiwe tangu Jumamosi. Na mimi Pasta wao nilikuwa nachungulia mlangoni. Nilikuwa nataka kujua ni nani anakuja nyuma.

Siku moja nikamwona yule hamali wa soko la Owino akiteremka na mvua, tope mpaka magotini, vidole vimeliwa na funza. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Mfanyabiashara wa vitenge alikuwa tayari ameketi ndani, na soksi zake. Nikakuita pembeni. Ulikuwa na miaka tisa. Nikakutuma umwambie yule tajiri kwamba nje kuna mtu anamtaka, kisha umzuie kidogo mpaka hamali aingie. Ukaenda, ukafanya vizuri kama nilivyokuagiza. Tajiri akarudi ndani wa mwisho, nikamvua soksi, nikamwosha miguu yenye harufu ya mafuta ya nazi, na sauti yangu ya kuomba ilitetemeka vizuri sana. Watu wakasema Pasta anajua kujishusha. Wewe ulikuwa umesimama karibu na karai. Jioni ukaniuliza, "Baba, Mfalme naye alichagua miguu?" Nikakuambia ukalale.

Nakuandikia hili kwanza ili ujue ni mtu gani alikuwa ameshika karai siku ya yule Sajini wa jeshi.

Siku ile ulikuwepo, lakini uliketi nyuma, na kuna mambo ambayo mtu aliye nyuma haoni. Redio ilikuwa imesema makanisa madogo yasiyo na kibali yafungwe. Tulikuwa tumetundika blanketi dirishani na tunaimba kwa midomo tu, bila sauti. Baba Riziki, fundi redio, alikuwa na wiki tatu tangu achukuliwe na askari pale stendi ya Nateete, akiwa na redio ya mtu kwapani, redio aliyokuwa ametoka kuitengeneza. Watu waliona gari, waliona akiingizwa, kisha kila mtu akakumbuka ana kazi mahali pengine. Tangu siku hiyo mkewe, Mama Riziki, hakuwa amekanyaga kwetu. Jumapili ile akaja. Alitoka moja kwa moja sokoni Owino, kanga yake ina madoa ya nyanya, na akaingia wa mwisho. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikuwa nimechungulia mlangoni. Nilimwona tu ameketi, nikafurahi. Nilifurahi kweli, Byamungu, naomba uniamini hapo.

Nikamshika mguu wa kulia, nikauosha. Nilikuwa naunyanyua kuufuta, mlango ulipofunguka bila hodi na Sajini akaingia na bunduki.

"Hii watu nafanya nini hapa?"

Mtoto wa mtu alianza kulia, akazibwa mdomo.

"Mimi nauliza. Nani mkubwa?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe mkubwa, na wewe nakaa chini?"

"Naosha miguu, afande."

"Ya nani?"

Hapo ndipo ninapopotea kila siku. Nilimjibu, "Ya aliyeingia wa mwisho." Ilikuwa kweli. Ndiyo sheria yetu, na aliyeingia wa mwisho sasa alikuwa yeye. Lakini ulimi wangu uliikumbuka sheria hiyo upesi mno, kabla moyo haujasema neno. Mtu ambaye miaka yote alitafuta njia ya kuikwepa sheria, siku bunduki inaingia ndiyo anaishika sawasawa. Yeye akageuka kuutazama mlango nyuma yake, akaona hakuna mtu, akacheka. Akaketi kwenye benchi, akaweka bunduki mapajani, akanyoosha buti.

Nikainuka kutoka kwa Mama Riziki. Mguu wake mmoja ulikuwa na maji, wa pili mkavu na tope la soko. Nikachukua karai nikaenda kwa Sajini.

Ulichokiona wewe ni mgongo wangu. Mimi niliona vidole vyeupe vilivyochanika katikati, vya mtu asiyevua buti hata akilala. Na visiginoni makovu madogo madogo ya funza, mengi, ya mtu aliyekua peku. Ilikuwa ile ile miguu ya hamali, Byamungu. Ile niliyoikwepa ilikuwa imerudi imevaa buti, na sikujua kama nafurahi kuilipa fadhili niliyoinyima, au naogopa tu. Mpaka leo sijui. Akasema, "Mzee, maji iko baridi." Mama yako akaenda kuchemsha. Tulipoongeza ya moto akafumba macho, na kabla sijamaliza mguu wa pili alikuwa amelala, anakoroma, mkono juu ya bunduki. Tukakaa. Jua likatoka mlangoni likahamia ukutani na hakuna aliyethubutu kusogeza benchi. Alipoamka alivaa buti, akatutazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, akasema, "Nyinyi endelea. Mimi sijaona kitu." Akaondoka.

Watu wakatoka mmoja mmoja. Mama Riziki akavaa kandambili zake akaenda. Sikumrudia. Karai lilikuwa pale, maji yalikuwa moto, na sikumrudia, kwa sababu nilitaka kila mtu aondoke nyumbani kwangu.

Baadaye wazee wetu waligawanyika. Mmoja alisema nimefanya kama Bwana, aliyeosha hata miguu ya aliyekuwa anakwenda kumuuza. Mwingine akasema kwa ukali wa kwetu kwamba nimejiokoa mwenyewe tu: "Pasta aliponeshaka ngozi yake, asituletee Biblia." Mimi nilimwamini wa kwanza. Kisha sabuni ikaanza kuja, nikaanza kumsikia wa pili.

Unajua sabuni ilivyo adimu siku hizi. Mama yako alikuwa amefikia kukata kipande sawa na kidole gumba kwa wiki. Jumapili iliyofuata Sajini akaja baada ya watu kutawanyika, akaleta mche mzima na kilo ya sukari, akaketi kwenye benchi lile lile. Na Jumapili iliyofuata. Hakuja kusali, alikuja kwa ajili ya miguu. Chumba chetu hakikufungwa. Nikajiambia kwamba hivi ndivyo kiongozi anavyopaswa kuwa, ajishushe yeye ili watu wake wasali kwa amani. Ni maneno mazuri, na mengine ni ya kweli. Lakini nikaona pia kwamba Katwe nzima imeanza kunisalimia kwa mikono miwili. Fundi mmoja aliponyang'anywa baiskeli alikuja kwangu, nikamwambia Sajini, baiskeli ikarudi. Nikatembea siku ile kifua mbele. Nilikuwa nimepata ukubwa kwa kupiga magoti, na uliniingia mwilini kuliko ukubwa wa kusimama, kwa kuwa hakuna anayeweza kukulaumu ukiwa nao.

Miezi mitano, kila Jumapili, nilikuwa na miguu ya mtu yule mikononi mwangu. Hata mara moja sikumwuliza habari za Baba Riziki.

Wewe ndiye uliyeniuliza. Tulikuwa hapa hapa, tunagonga sigiri za yule mwenye duka. Ukasema, "Baba, ulimwuliza?" Nikasema, "Nani?" Ukasema, "Unajua nani." Nikakujibu kwamba pale kwenye karai si mahali pa swali hilo. Ukaweka nyundo chini polepole, kama mtu anayeweka yai, ukaenda kunawa. Toka siku hiyo ni misumari tu kati yetu.

Wiki mbili baadaye Sajini alikukuta mlangoni akakupima kwa macho. "Huyu kijana mrefu. Kiswahili najua. Jeshi nataka watu kama yeye." Kabla sijafungua mdomo ulikuwa umesema ndiyo. Usiku ule nilikuuliza sababu, nawe ukanijibu neno moja ambalo nimelala nalo na kuamka nalo: "Aliye na buti ndiye anayeuliza maswali." Sijui ulimaanisha nini. Labda unakwenda ndani ili uulize nililoshindwa kuuliza. Labda umechoka kuona baba yako chini na unataka kuwa yule aliyeketi kwenye benchi. Mama yako anasema ndivyo maisha yalivyo: "Acha mutoto aende, maisha njo hii." Kisha anageuka analia kwenye mboga. Na mimi nimeogopa kukuuliza zaidi kama nilivyoogopa kumwuliza Sajini. Naona huu umekuwa ugonjwa wangu.

Sasa ya jana.

Wewe hukuwepo. Sajini alikuja saa yake ile ile, mama yako yuko nyuma anachemsha maji. Nilikuwa nimemaliza mguu wa kulia, nimeshika wa kushoto. Ningependa kukuambia kwamba nilijawa na ujasiri. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nautazama mguu ule nikakumbuka kwamba Jumanne na wewe utavaa buti, na kwamba visigino vyako vina makovu ya funza pia, maana sikuwa na pesa ya viatu vyako mpaka ulipoanza shule. Nikaona miguu miwili imekuwa mmoja. Maneno yakanitoka kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Afande, yule fundi redio wa Nateete, mume wa Mama Riziki. Yuko wapi?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka mkononi mwangu na nilikuwa nayasikia.

"Nani natuma wewe kuuliza?"

"Hakuna, afande. Nauliza mwenyewe."

"Mzee, mtoto yako naingia jeshi Jumanne. Na wewe naleta hii maneno?"

Akauvuta mguu kutoka mikononi mwangu. Hakusubiri taulo. Akavaa soksi kwenye mguu wenye maji, akavaa buti, akasimama. Mche wa sabuni aliouleta ukabaki kwenye benchi. Mlangoni akasema, "Jumanne saa mbili asubuhi. Kijana awe hapa." Ni maneno yale yale aliyoyasema wiki iliyopita, ila wiki iliyopita alikuwa anatabasamu.

Basi, hapo ndipo ninapokomea kujua. Sijui kama alikasirika. Pengine aliona haya, pengine yeye mwenyewe anaogopa wa juu yake. Miezi mitano nimejifunza miguu yake kidole kwa kidole, na uso wake siwezi kuusoma. Kwa hiyo sijui lori la jeshi la kesho linakuja kuchukua askari mpya au linakuja kuchukua mtoto wa mzee aliyeuliza. Nimefanya jambo ambalo ulitaka nilifanye, na nimelifanya siku mbili kabla ya wewe kukabidhiwa kwao. Kama kuna mtu anajua hilo linaitwa nini, ujasiri au upumbavu, aje anifundishe. Nimemwomba Mungu anieleze na amekaa kimya kama Sajini.

Leo asubuhi nilikwenda Owino. Nilimkuta Mama Riziki amepanga nyanya zake kwa mafungu, bakuli la maji pembeni la kuziosha vumbi. Hakuniita Pasta. Nikasimama pale kama mteja asiye na pesa, nikamwambia nimeuliza.

"Aliitikaka nini?"

"Hakujibu."

Akazipanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimepangika. Nikadhani amemaliza nami. Kisha akasema, bila kunitazama, "Lakini uliuliza."

"Niliuliza."

Akavua kandambili ya kushoto, akanyoosha mguu kati ya mafungu ya nyanya. "Osha basi ule mwingine."

Sikuwa na karai wala taulo. Ilikuwa saa nne asubuhi, soko limejaa, hamali wanapiga kelele watu wapishe njia, na mwanamke wa meza ya pili alisimama kabisa ili aone vizuri. Nikapiga magoti kwenye maganda na majani ya kabichi, nikachukua yale maji ya nyanya, nikauosha mguu wake wa pili, nikaufuta kwa shati langu. Mama yako atakuonyesha shati. Hakuna aliyesema Pasta anajua kujishusha. Hamali mmoja alisema mzee amerukwa na akili, watu wakacheka, hata mimi nilikaribia kucheka. Mama Riziki hakucheka wala kulia. Akanipa nyanya nne nimpelekee mama yako, na ndizo mtakazokula leo.

Siku zile za soksi na mafuta ya nazi nilidhani shida ya kiongozi ni kupiga magoti. Siku hizi kila mtu anapiga magoti, mwanangu, watu wanapiga magoti hata mbele ya pikipiki. Mimi shida yangu ilikuwa kuinuka. Niliinuka kutoka kwa mwanamke aliyenyang'anywa mume nikaenda kwa mwenye bunduki, na nilipoinuka kwa mwenye bunduki sikurudi. Huenda kumwosha Sajini hakukuwa kosa. Huenda ilikuwa kazi ya Mfalme wetu kabisa, na iliyoharibika ni ile iliyobaki. Sina hakika. Lakini ule mguu mkavu nilikuwa nauona kila nilipofumba macho kuomba, na leo nimefumba macho hapa karakana sikuuona.

Sasa sikiliza vizuri. Yule dereva wa lori la mbao, yule anayesali nasi, anaondoka kesho alfajiri kuelekea mpakani Busia, na amekubali kukuficha kati ya mbao. Mjomba wako yuko ng'ambo, upande wa Kenya, na mama yako ameshakufungia chakula bila kusema ni cha safari ipi. Ukichagua njia hiyo, liache sanduku, maana kijana mwenye sanduku jipya anatazamwa kila kizuizi. Ni sanduku zuri kuliko yote niliyotengeneza Katwe hii, kona zake nimezipiga misumari ya ribiti mara mbili, bawaba nimezitia mafuta. Na sehemu kubwa ya moyo wangu inaomba nilikute hapa kesho.

Lakini sikupi amri. Mara ya mwisho nilipokupa amri juu ya nani asubiri nje na nani aingie, ulikuwa na miaka tisa, na uliitii. Nimeona ilichokufundisha. Ukipanda lori la jeshi la saa mbili, panda kwa kujua ninayoyajua mimi. Wakikupa watu wa kuongoza, hata watatu, sina la kukufundisha zaidi ya hili lililonishinda: jiulize ni nani umemwacha na mguu mmoja mkavu. Ukipanda la alfajiri, Sajini atakuja kuniuliza uko wapi. Hilo ni langu, usilibebe hata hatua moja. Mama yako na mimi hatuendi popote. Watu thelathini hawaingii kwenye lori la mbao, na mwenye chumba ndiye kiongozi. Akija, maji yatakuwa moto, nami nitamwuliza tena.

Nakupenda, Byamungu. Nimeandika kurasa zote hizi kwa sababu neno hilo sikulisema tulipokuwa tunagonga sigiri.

Siku utakayorudi, uwe umevaa buti au uko peku, uwe umeuliza maswali au umeogopa kuyauliza kama baba yako, usipige hodi. Karai litakuwa mahali pake. Nitakuwa nachungulia mlangoni tena, tabia hiyo sidhani itaniacha, lakini safari hii nitasimama pale niwatangulize ndani watu wote, matajiri na masikini, ili wewe uingie wa mwisho.

Baba yako,
mwenye chumba